Tairi la Babu

Kila asubuhi, kabla Chiriku hajamaliza kufagia ua, babu yake alikuwa ameshaanza safari. Safari yenyewe haikuwa ndefu. Ilitoka mlangoni kwao hadi kibanda cha Fundi Viatu, ng'ambo ya barabara, ambako wazee hukaa kusikiliza redio na kubishana na mtangazaji asiyewasikia. Lakini Babu alikuwa haoni. Macho yake yalizimika polepole, kwanza moja kisha la pili, na siku hizi alijua kumekucha kwa joto la jua usoni tu.

"Babu, ngoja nikushike mkono," Chiriku alimwambia kila siku.

"Mimi?" Babu naye alimjibu kila siku. "Nimeendesha lori kabla mama yako hajazaliwa. Nimepanda milima, nimekwama kwenye matope, nikajikwamua. Leo niendeshwe na mtu aliyeacha kunyonya juzi?"

Basi aliishika fimbo yake, ambayo aliiita usukani, akatoka. Ko, ko, ko, fimbo iligonga ukuta. Ko, iligonga kidato cha mlango. Kisha ilipiga kitu laini kikatoa sauti nzito, bup! Hilo lilikuwa tairi. "Kituo!" Babu alitangaza kwa sauti ya kondakta, akakata kushoto, akavuka barabara hadi kibandani. Wazee wenzake walimpigia makofi kila alipofika, na yeye aliwapungia mkono kama bingwa wa mashindano.

Tairi hilo halikuwa pambo. Lilikuwa limelala juu ya mdomo wa shimo la majitaka lililokuwa wazi kando ya barabara, karibu kabisa na nyumba yao. Zamani shimo lilikuwa na mfuniko wa zege, mpaka lori la maji lilipoukanyaga ukavunjika na kuzama. Majirani walichomeka tawi la mti ili watu waone hatari. Tawi likaliwa na mbuzi. Wakaweka kiti kibovu, kikaokotwa na wapenda kuni. Siku muuza mikate alipotumbukiza gurudumu la baiskeli humo na mikate yote ikaoga majitaka, Babu alikasirika. Wakati huo bado alikuwa anaona kidogo. Akaenda nyuma ya nyumba, akavuta tairi la akiba la lori lake la zamani, akaliviringisha mpaka kwenye shimo. "Hili haliliwi wala haliwaki vizuri," alisema.

Tangu siku hiyo tairi lilikaa hapo, na watu wakazoea. Mazoea yana tabu, kwani kitu cha hatari ukikizoea unakiona kama jirani. Mgeni akiuliza njia aliambiwa, "Nenda moja kwa moja, ukifika kwenye tairi kata kushoto." Hakuna aliyekumbuka tena kumwambia kwamba chini ya tairi kulikuwa na shimo refu la kumzamisha mtu mzima.

Chiriku alikumbuka. Alikuwa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua siku ya mapumziko. Ni yeye aliyewauliza watu wazima, tena na tena, "Hivi shimo hili litazibwa lini?" Alimuuliza mama yake aliyekuwa akishona nguo barazani. Alimuuliza Fundi Viatu. Alimuuliza Mjumbe wa mtaa mpaka Mjumbe akawa akimwona kwa mbali anabadilisha njia. Mwishowe Mjumbe alisalimu amri. Alisema malalamiko yatapelekwa mbele ya Baraza la Ushauri la Jiji.

Baraza hilo lilikuwa la watu waliochaguliwa kusikiliza kero za mitaa na kulishauri jiji lianze kutengeneza wapi. Jumamosi moja lilikutana katika ukumbi wa shule, na watu wa mtaa wakaenda wengi. Mjumbe alivaa koti lake la kijivu, lile la harusi na misiba, akasimama na kukohoa mara kadhaa.

"Waheshimiwa," alisema, "sisi wakazi, kwa unyenyekevu mkubwa na heshima isiyo kifani, tunalo shimo."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa Baraza, mama mnene mwenye miwani na sauti ya mikwaruzo, hakucheka.

"Shimo la namna gani?"

"La majitaka, Mheshimiwa. Halina mfuniko."

"Tangu lini?"

Mjumbe alimtazama Fundi Viatu. Fundi Viatu alitazama kucha zake. Chiriku akashindwa kujizuia. "Tangu nikiwa darasa la tatu, Mheshimiwa!"

Mwenyekiti alivua miwani. "Mmekaa na shimo la majitaka lililo wazi muda wote huo, na watoto wanapita hapo?" Alikuwa ameshtuka kweli, na mshtuko wake uliwafanya watu waone aibu, kama mtu anayeambiwa na mgeni kwamba paa lake linavuja. "Sikilizeni," alisema. "Kuna mitaa mitatu yenye kero kubwa, na mafundi wataanza na mtaa mmoja. Alhamisi jioni tutakuja kuona kwa macho yetu. Tutakachokiona ndicho tutakachokisema."

Maneno hayo yalikuwa mepesi kama maji. Sijui watu wa mtaa ule waliyasikiaje, maana walitoka ukumbini wakiwa wameshika neno moja tu: wageni.

Wageni wanakuja! Alhamisi hiyo mtaa ulishikwa na wazimu wa usafi. Wanawake walifagia mpaka mahali ambapo hapakuwahi kuona ufagio. Vijana walipaka chokaa mawe ya kando ya barabara. Turubai likafungwa karibu na kibanda cha Fundi Viatu na viti vikaazimwa. Mama yake Chiriku alitoa vitambaa vyake vizuri vya kufunika meza, vile vya wateja, akiomba Mungu visimwagikiwe chai.

Mjumbe alipita akikagua, mikono nyuma. Alipofika kwenye tairi alisimama na kukunja pua.

"Hiki kidude kinatia aibu," alisema. "Wageni wakae wanakunywa chai, mbele yao tairi bovu na uvundo? Hapana. Liondolewe."

"Lakini Mjumbe," Chiriku alisema, "si ndilo shimo wanalokuja kuliona?"

"Tutawaonyesha, mwanangu. Wakishakunywa chai tutafunua, waone. Mgeni hapokelewi kwa harufu mbaya. Kwani nyumbani kwenu mgeni mnamkaribisha chooni?"

Watu wakacheka, na Chiriku akacheka pia, maana lilikuwa neno la kuchekesha. Fundi Viatu alileta kipande cha plaiwudi kilichokuwa kimeloa mvua za mwaka jana, akakilaza juu ya shimo. Vijana wakamwaga mchanga juu yake wakausawazisha vizuri. Ukitazama, usingejua kuna kitu. Kisha Chiriku akaambiwa aliviringishe tairi hadi nyuma ya nyumba. Aliliviringisha huku akikimbia pembeni yake, na watoto wadogo wakimshangilia.

"Kamwambie Babu yako," Mama alimwambia aliporudi. "Mwambie leo asitoke peke yake. Mwambie kituo hakipo."

Chiriku alikwenda. Babu alikuwa amesharudi kutoka kibandani, ameketi kitandani, redio iko sikioni.

"Babu!"

"Ssh! Taarifa ya habari. Ngoja iishe."

Chiriku alisimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Taarifa ilikuwa ndefu. Nje Mama akaita: "Chiriku! Njoo ujaribu gauni, wageni wako njiani!" Ni yeye aliyechaguliwa kuwapa wageni maua, na gauni lilikuwa jipya, la rangi ya machungwa, lina mifuko miwili. Nitamwambia nikirudi, alijisemea. Akatoka mbio. Alijaribu gauni, likamkaa sawasawa, akazunguka mbele ya kioo, na lile neno la kumwambia Babu likamtoka kichwani kabisa.

Wageni walifika jua likiwa limepoa. Mwenyekiti wa Baraza alikuja na mhandisi wa jiji na wajumbe wengine wachache. Chiriku aliwapa maua, akasema shikamoo mara nyingi hadi ulimi ukamchoka. Wageni waliketi chini ya turubai, wakanywa chai, wakageuza shingo huku na huku.

"Mtaa wenu ni msafi mno," Mwenyekiti alisema. "Kusema kweli nimeshangaa. Kwa siku nyingi sijaona mtaa uliotunzwa namna hii."

Mjumbe alivimba ndani ya koti lake. "Tunajitahidi, Mheshimiwa."

"Nilitegemea kukuta mahali pabaya sana. Sasa, lile shimo mlilolalamikia liko wapi?"

Hapo ndipo ulimi ulipomganda Mjumbe. Chiriku aliona kabisa uso wake ukibadilika. Mtu ameshasifiwa, sifa bado tamu mdomoni, sasa afukue uvundo kwa mikono yake mbele ya watu waliomsifu?

"Aa, lile, Mheshimiwa... lile tumejaribu kulishughulikia. Kwa nguvu zetu wenyewe."

"Mmelifunika?"

"Tumelifunika, Mheshimiwa."

Mhandisi alitazama barabara, akaona mchanga uliolala vizuri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hongereni. Basi kama mmeshalimudu wenyewe, mafundi waanze na mtaa mwingine."

Chiriku alipigwa na butwaa. Aliwatazama watu wazima mmoja mmoja. Fundi Viatu alikuwa anatazama kucha zake tena. Mama alikuwa ameshika kitambaa cha meza kama anayetaka kukikamua. Hakuna aliyefungua kinywa! Watu waliokwenda ukumbini kulilia shimo sasa walikuwa wamekaa mbele yake wakinywa chai, wakiwaacha mafundi waende mtaa mwingine. Naye Chiriku, msemaji wa mtaa mzima, aliyeuliza swali moja kwa miaka, alihisi mdomo wake umeshonwa. Wakubwa wakinyamaza, mtoto aseme nini?

Ko, ko, ko.

Chiriku akakumbuka alichotumwa. Babu alikuwa anatoka.

Alikuwa amevaa shati lake jeupe na kofia, na uso wake umejaa bashasha. "Nasikia wageni wa Baraza wamefika!" alisema kwa sauti. "Nami ninalo neno langu la kuwaambia juu ya shimo hili!" Ko, fimbo iligonga kidato. Kisha ikatafuta mbele, ikapapasa hewa, ikagusa mchanga. Babu alisita. Akanyoosha fimbo tena kulitafuta tairi lake, akakosa. Labda alidhani bado hajafika. Akapiga hatua moja mbele.

"Babu, simama!"

Sauti ya Chiriku ilitoka, lakini ilichelewa. Babu alisikia, hata akajaribu kurudisha mguu. Plaiwudi ikalia kraa! Mchanga ukazama, kofia ikaruka, na Babu akatoweka mpaka kwapani. Mikono yake miwili ilinasa ukingo wa shimo. Fimbo ilianguka ndani, na muda mrefu ukapita kabla ya kusikika ikidumbukia majini.

Watu waliduwaa, vikombe mikononi, midomo wazi. Uvundo ulipanda, ukafika hadi kwenye turubai, kwenye chai na vitambaa vizuri.

Aliyeamka wa kwanza ni Mwenyekiti wa Baraza. Yule mama alikimbia, akalala kifudifudi kwenye vumbi na nguo zake za heshima, akamshika Babu kifundo cha mkono. "Usitapatape, mzee wangu. Nimekushika." Mhandisi akashika mkono wa pili. Mama yake Chiriku alikuja na jora la kitambaa kigumu cha sare za shule, wakalipitisha kwapani kwa Babu, na vijana wakavuta. Babu alitoka akiwa amepakaa tope la majitaka la kuta za shimo hadi kiunoni, mguu mmoja umepinda vibaya.

"Nani," aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Chiriku hakuwahi kuisikia kwake, "nani amechukua kituo changu?"

Mwenyekiti alisimama. Alijaa matope toka kidevuni hadi miguuni, na miwani yake imepotea. "Hata mimi nauliza," alisema. "Nani amefunika shimo hili kwa ubao mbovu?"

Kisha Mjumbe, jasho likimtiririka, akasema, "Watoto, Mheshimiwa. Hawa watoto wa siku hizi! Wameviringisha tairi kwa michezo yao."

Chiriku alikuwa anajua kwamba watu wazima hukosea. Alijua hata kwamba wakati mwingine husahau. Lakini mtu mzima mwenye koti la heshima, kusimama mchana kweupe na kuwasingizia watoto, hilo hakulitegemea kabisa. Na baya zaidi ni kwamba nusu ya maneno yale yalikuwa kweli. Tairi aliliviringisha yeye. Alimtazama mama yake. Mama aliinamisha macho, kisha akayainua.

"Sema, mwanangu," alisema. "Kama sisi tumeshindwa, sema wewe."

"Tairi niliondoa mimi," Chiriku alisema. Machozi yalikuwa yanamwagika kwenye gauni jipya. "Niliambiwa niondoe ili wageni wasione vibaya. Ubao na mchanga viliwekwa na wakubwa. Na mimi nilitumwa nimwambie Babu, nikaenda kujaribu gauni, nikasahau. Shimo halijazibwa, Mheshimiwa. Tumelificha tu."

Mwenyekiti aliwatazama watu wote, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

"Tulikuja kuona shimo," alisema hatimaye. "Mkatuonyesha maua." Akajipangusa matope kidevuni. "Na sisi tukafurahia maua, tukainua vikombe. Hatukuinuka hata kwenda kukanyaga tuone kama mfuniko ni imara. Makosa hayo ni yetu."

Mjumbe alivua koti lake la kijivu. Chiriku alidhani anataka kukimbia. Kumbe alikwenda akamfunika nalo Babu, majitaka na yote, akapiga magoti karibu naye. "Nisamehe, mzee wangu," alisema mbele ya kila mtu. "Huyu mtoto amesema kweli. Mimi ndiye niliyeamuru, na mimi ndiye niliyesema uongo." Kisha akambeba, yeye na vijana, hadi kwenye gari la wageni, na Babu akapelekwa hospitali.

Mafundi wa jiji walifika asubuhi iliyofuata. Walizungushia shimo vyuma, wakamwaga zege, na baada ya siku chache kukawa na mfuniko mzito ambao hata lori la maji lilipita juu yake bila kuutikisa. Watu walikwenda kuukanyaga mmoja mmoja, wakirukaruka kama watoto, lakini hawakucheka sana. Kila aliyeukanyaga alikumbuka ile sauti ya kraa.

Babu alirudi nyumbani na mguu uliofungwa plasta. Chiriku alimpelekea uji, akauweka, akasimama kando ya kitanda. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakujua aanzie wapi.

"Mbona kimya?" Babu aliuliza. "Chiriku gani huyu asiyelia?"

"Babu, mguu umevunjika kwa sababu yangu."

"Kwa sehemu, ndiyo," Babu alisema, wala hakulainisha neno. "Ungeizima ile redio ukaniambia. Taarifa ya habari ingeweza kungoja, na gauni lingeweza kungoja." Alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake. "Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Tairi langu lilikuwa baya, chakavu, linatia aibu. Lakini lilikuwa linasema kweli. Kila aliyepita lilimwambia, hapa pana shimo. Ule mchanga ulikuwa mzuri kuutazama, na ulikuwa unasema uongo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ukiwa na tatizo na akaja mtu wa kukusaidia, mwonyeshe lilivyo, na uvundo wake wote. Ukilipamba, unamfukuza msaidizi na unabaki na shimo lako."

"Niliogopa, Babu. Wakubwa wote walinyamaza."

"Najua. Ndiyo maana inapasa kusema. Wote wangekuwa wanasema, sauti yako ingekuwa ya nini?" Babu alikunywa uji, akakunja uso. "Na huu uji nao useme kweli. Hauna sukari."

Chiriku akacheka, na kicheko kikachanganyika na kilio, akakimbilia sukari.

Plasta ilipotolewa, Mjumbe alileta fimbo mpya, imara, yenye kishikio kizuri. Babu aliipima mkononi, akasimama mlangoni. Nje, wazee walikuwa wameshazima redio kwa Fundi Viatu wakingoja kupiga makofi. Babu aligonga ukuta, ko, ko. Aligonga kidato. Kisha akasimama, mguu hautaki kuondoka. Mbele hapakuwa na tairi la kumwambia chochote, na mwili wake bado ulikumbuka.

Chiriku hakumwambia, "Ngoja nikushike mkono." Alisimama pembeni tu, akangoja.

"Kuna nini mbele?" Babu aliuliza.

"Mfuniko wa zege, Babu. Nimeukanyaga leo asubuhi. Ni imara. Ila pembeni mafundi wameacha kokoto, zinateleza kidogo."

Babu alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari. Kisha akageuza fimbo, akamnyooshea mjukuu wake ncha ya mbele.

"Shika usukani, dereva," alisema. "Twende."